Mita Mia Nane

Asubuhi ile betri ilikufa.
Baridi ya Februari ililinyonya gari usiku kucha,
likabaki kukohoa kama mzee aliyenyimwa chai,
na Jernej, mwanangu wa miaka saba,
mkoba mgongoni umemzidi kimo,
akauliza: Sasa shule itakuja huku?

Kutoka mlangoni petu hadi lango la shule ni mita mia nane.
Nilizipima baadaye, kwa aibu, kwa miguu yangu.
Miaka miwili nilikuwa nimezimaliza kwa gari:
dakika tatu za njia, kumi na mbili za foleni,
pua ya gari kwenye mkia wa gari,
haraka yetu yote imesimama,
kila mzazi akilaani wingi wa magari
na hakuna aliyejihesabu.

Tukatembea.
Mto Drava ulikuwa ukifuka kama sufuria iliyosahauliwa.
Jernej akagundua kwamba mbwa wa duka la mikate
ana jicho la buluu na jicho la kahawia,
kwamba barafu ya dimbwi huvunjika kwa mlio wa biskuti,
kwamba baba yake huhema.
Jioni mwalimu akaniambia, kama anayetaja hali ya hewa:
Leo hakulalia dawati.

Kesho yake gari lilikuwa zima.
Nikaliacha.

Kwenye kona ya duka la dawa akajiunga Neža,
kisha mapacha wa kina Hadžić kutoka ghorofa ya sita,
kisha Hermina, mstaafu wa posta,
aliyekuja bila kuitwa na kamba ya kuanikia nguo
yenye mafundo kumi na moja.
Kila fundo na mtoto wake! akafoka,
na watoto, ambao majumbani hawashikiki,
wakashika.

Mama yake Maksim alikataa.
Malori, alisema, na pale kwenye kivuko hakuna hata mstari.
Alisema kweli.
Tuliandikia halmashauri, halmashauri ikatujibu:
suala lenu linashughulikiwa.
Likashughulikiwa Machi, likashughulikiwa Aprili,
na Hermina akasimama katikati ya barabara
na mwavuli wake mwekundu umefumbwa,
akiwanyooshea madereva kama anayewadai barua.
Mei wakaja wawili na ndoo ya rangi nyeupe.
Siku iliyofuata Maksim alishika fundo la saba.

Lakini miguu ikishaamka, hailali saa tisa.
Alasiri watoto walicheza mpira kati ya magari yaliyoegeshwa,
huku ng'ambo ya uzio uwanja wa shule
umekaa na magoli yake mawili,
kama meza iliyoandaliwa na wageni wakafungiwa nje.
Bima, alisema Stojan mtunza shule,
akiupapasa mnyororo.
Nani atafagia? Nani atalipa kioo?

Tulikutana mara nne kwenye maktaba, tukagombana mara tano.
Mwishowe tukatundika orodha langoni:
wiki hii ufagio ni wa kina Hadžić, wiki ijayo ni wangu.
Ukumbi wa mazoezi Jumatano ni wa wazee,
na Stojan, aliyetukatalia kuliko wote,
sasa hukaa hadi saa moja jioni
akiwafundisha wasichana mkwaju wa penalti.
Kioo kimevunjika kimoja. Nilikivunja mimi.

Sitadanganya: mvua ikizidi, ninawasha gari.
Wengine hawajawahi kulizima.
Ila jioni moja ya Juni ile kamba ya asubuhi
ilikuwa inazungushwa uwanjani,
Hermina upande huu, Neža upande ule,
mafundo yakipiga lami, ta, ta, ta.
Baba, ingia!

Nikaingia.
Funguo za gari zikaruka kutoka mfukoni,
zikaangukia sijui wapi kwenye majani,
na hakuna aliyezitafuta
mpaka giza lilipotutoa.